Robo ya Nyumba ya Shangazi

Msomaji mwenzangu, hebu hesabu kidogo. Katika hadithi zote ulizosoma tangu darasa la tatu, mwanamke aliyevuka miaka sitini anapewa kazi gani? Mimi nimehesabu nikapata tatu. Ama ni mchawi, ama ni bibi wa kusimulia ngano usiku, ama ni mama mkwe wa kumtesa mke wa mwanawe. Akiwa mjane ndo basi tena. Mwandishi humpa kikohozi sura ya pili, na ikifika sura ya nne tumeshamzika. Kupenda hapendi, kupendwa hapendwi. Na akitokea mwanamume wa kumpigia hodi, ujue amekuja kuiba hati ya nyumba.

Nasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe naandika riwaya, niko daftari la nne sasa. Naandikia chumba cha uani, nyumbani kwa shangazi yangu, hapa Ngamiani, Tanga, kwenye moja ya zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Usiku nauma kalamu nikitafuta kisa, kumbe kisa kimekaa sebuleni kinakunywa chai ya tangawizi na kusikiliza redio.

Shangazi alizaliwa mwaka 1959. Aliingia ualimu enzi za UPE, wakati Serikali ilipotaka kila mtoto awe shuleni kufikia mwaka 1977 na walimu wakawa hawatoshi, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakajifunzia kazi humo humo darasani. Amekula vumbi la chaki kwa miaka arobaini na zaidi. Mumewe alifariki mwaka 2012. Yeye alistaafu mwaka 2019.

Nyumba anayokaa ni yake. Hilo lishike vizuri, maana ndilo litakaloleta kasheshe huko mbele. Marehemu aliacha nyumba nyingine kijijini na shamba la minazi, vikagawanywa kwa mirathi ya Kiislamu. Mjane mwenye watoto hupata thumuni, yaani fungu moja katika manane. Shangazi akachukua fungu lake, hakugombana na mtu. Hii ya mjini aliijenga mwenyewe kwa mshahara wa ualimu, tofali kwa tofali, bati kwa bati, na upatu ulipomfikia zamu akaweka milango. Kiinua mgongo kilipotoka akapiga dari, akavuta maji mpaka jikoni.

Alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, akatoka. Haikupita hata mwaka wakaanza kuja. Kuna mzee mmoja alitaka kumfanya mke wa tatu, akasifu sana mshahara wa Serikali kwamba hauchelewi. Mwingine alituma dada zake, nao wakasema kaka yao hana mtu wa kumpikia. Shangazi aliwajibu wote kwa sauti ile ile ya mwalimu anayefunga rejista: "Nimesikia. Ahsanteni. Sitaki." Halafu akawapa maji ya kunywa.

Baada ya hapo wakaacha kuja, na maisha yake yakawa matamu. Nasema matamu bila kutia chumvi. Watu wakimwona mwanamke wa umri ule peke yake humwonea huruma, humwita "maskini mwalimu". Maskini wa wapi? Njoo umwone jioni. Analala kitandani mshazari, mto mmoja kichwani, mwingine kwapani, kitabu kifuani. Akijisikia kupika anapika bada na samaki wa chukuchuku. Asipojisikia anakula mkate na chai saa mbili usiku na hakuna wa kumuuliza. Asubuhi anaendesha baiskeli yake, Phoenix ya zamani, mpaka sokoni Mgandini, na Jumamosi anafika hadi Raskazone kukanyaga maji ya bahari. Tanga sisi mwanamke kwenye baiskeli si ajabu, lakini mwanamke wa sitini na kitu mwenye baibui lililopigwa kifundo kiunoni, anayempigia kengele dereva wa bajaji atoke njiani, huyo hata sisi tunageuka kumtazama.

Pensheni yake anaipanga mwenyewe. Ana kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Jioni anafundisha watoto wa mtaa kusoma, wanakaa barazani kwenye mkeka, na asiye na ada analeta ndimu mbili tatu. Mara moja nilimuuliza kama hajisikii upweke. Akaniambia, "Mwanangu, upweke niliuona nikiwa na mume aliyenuna. Huu wa sasa ni utulivu, tofauti yake utaijua ukifika."

Hapo ndipo alipokuwa, anajitosheleza, hadaiwi na mtu. Sasa mnyororo wa Phoenix ukakatika.

Fundi wa baiskeli aliye jirani na barabara yetu ni mzee wa miaka sabini hivi. Zamani alikuwa kiwandani, kiwanda kikafungwa, akafungua banda. Mkewe alifariki siku nyingi. Yaani ni mgane. Neno hilo mgane lipo kwenye kamusi, lakini mtaani silisikii kabisa, labda kwa kuwa wanaume wetu hawadumu nalo muda wa kutosha mpaka lizoeleke. Huyu amedumu nalo. Anajipikia, anafua mwenyewe, anaanika kanzu yake kwa kuinyoosha mikunjo kwanza, nimemwona.

Siku ile ya mnyororo hakutaka hela. Akasema, "Mwalimu, umewafundisha wanangu, nitachukuaje pesa yako?" Shangazi akamwambia, "Ukinifanyia bure sirudi." Mzee akafikiri kidogo, akataja bei, tena bei kamili. Shangazi akalipa, akarudi nyumbani anacheka peke yake. Mimi kama mwandishi nasema penzi, kama ni penzi, lilianzia pale kwenye bei. Hakuna aliyemhurumia mwenzake.

Baada ya hapo ile baiskeli ikaanza kuugua kuliko mwenye baiskeli. Leo breki, kesho valvu, keshokutwa inalia kwenye pedeli na haijulikani inalia nini. Bandani kuna redio ya mkulima na kaseti za taarab za zamani. Mzee ni mshabiki wa Black Star ya hapa hapa Tanga, ile aliyoimbia Shakila ujanani mwake. Mwaka 2016, Shakila alipofariki, Mzee alifunga banda siku nzima. Shangazi naye alikulia kwenye nyimbo hizo hizo, ila yeye alikuwa upande wa Lucky Star. Basi wakawa na ugomvi wa kudumu, kundi gani lilikuwa bora, na ugomvi ule haukwisha hata tairi ilipokwisha kuzibwa.

Ikafika hatua simu inalia baada ya sala ya isha. Wanaongea dakika kumi, kumi na tano. Anamwita "Mwalimu" wakati wote, hajawahi kumwita jina. Kupitia ukuta sisikii maneno, nasikia kicheko. Nimekaa na shangazi miaka minne na kicheko kile sikuwa nimekisikia. Hakikuwa cha barazani wala cha kwenye harusi za watu. Kilikuwa kidogo, cha chini, kama mtu aliyeficha peremende mdomoni.

Kisha Mzee akasema. Hakutuma wazee kwanza. Alimwambia mwenyewe, pale bandani, mikono imejaa grisi, eti kama hatachukia angependa waongee habari ya kuoana. Shangazi akamwambia atafikiri. Baada ya wiki ndo wakaja wazee wawili kwa baba yangu kule Muheza, maana babu hayupo na baba ndiye walii wake. Baba ni mdogo kwake, anamwogopa toka utotoni. Alisema tu, "Dada akisema ndiyo, mimi ndiyo. Akisema hapana, mimi sikuwaona." Na ni sahihi pia kidini. Mwanamwali kunyamaza kwake huhesabiwa ridhaa, lakini mwanamke aliyekwishaolewa lazima atamke kwa kinywa chake. Shangazi hajatamka.

Habari zikafika kwa watoto. Anao watatu, mmoja Dar, mmoja Korogwe, mmoja yuko Muscat kwa mumewe. Kundi la WhatsApp la ukoo lilikuwa limelala miezi, ghafla likawaka moto. Kaka wa Dar alipanda basi la asubuhi, adhuhuri yuko sebuleni na viatu hajavua.

"Mama, unakosa nini?" akauliza. "Hela tunatuma. Dawa tunanunua. Huyu mtoto tumekuletea akae na wewe." Huyu mtoto ndiye mimi.

Shangazi akamwambia, "Sikosi kitu, baba. Ndiyo maana nafikiri. Ningekuwa na njaa ningeshaolewa siku nyingi."

Dada wa Muscat yeye alilia kwenye simu. Alisema watu watamchekaje mama yake, ataingia harusini na wajukuu wanatazama. Nilimwelewa kidogo, mtoto hapendi kumfikiria mama yake hivyo. Ila nilijiuliza, mbona shemeji zetu wanaume wakifiwa na wake, matanga hayajaanuliwa vizuri tayari shangazi zao wanatafuta binti? Hapo husikii neno aibu. Utasikia, "Atakaaje peke yake?"

Halafu likatoka lile lililokuwa ndani. Kaka wa Dar alilisema akiangalia dari, dari ile ile ya kiinua mgongo: "Na hii nyumba je?"

Msomaji, hesabu yake ni hii, na kaka hakuitunga. Kwa mirathi ya Kiislamu mke akifariki akaacha watoto, mume aliyebaki huchukua robo. Hata kama wale watoto si wake. Hata kama wameoana juzi. Shangazi akiolewa leo na Mungu akamchukua kabla ya Mzee, robo ya nyumba ile ni ya fundi baiskeli, na yeye akifa inakwenda kwa watoto wake, watu ambao hawakubeba hata ndoo moja ya zege. Ukiliangalia kwa jicho la kaka, ambaye likizo za sekondari alikuwa akisomba kokoto pale, huwezi kumwita mwizi. Mimi simwiti.

Tulikwenda kwa sheikh mmoja kuuliza. Je, Mzee anaweza kuandika kwamba hataki hiyo robo? Sheikh akasema haki ya mirathi huzaliwa mtu akifa, sasa utasameheje kitu ambacho hakijazaliwa? Akifa mke, hapo mume ana hiari kusamehe au kutosamehe, leo kalamu yake haimfungi. Je, Shangazi anaweza kuwaandikia watoto wasia wa nyumba? Hapana, mrithi hausiwi, na wasia haupiti theluthi, mpaka warithi wengine waridhie. Basi hakuna njia? Ipo, akasema, hiba. Awape watoto nyumba angali hai, awakabidhi, iwe mali yao kabisa.

Kaka akafurahi. Alifurahi mapema mno. Shangazi alikaa kimya njia nzima, tulipofika nyumbani akavua viatu, akasema, "Kwa hiyo ili niolewe kwa amani, kwanza niwe mpangaji wa wanangu." Kaka akasema, "Mama, nani atakufukuza?" Akamjibu, "Wewe hutanifukuza. Mkeo simjui vizuri."

Kaka wa Korogwe ndiye mpole, karani wa mahakama, alijaribu kuleta suluhu kwa sheria. Alimkumbusha kaka mkubwa kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imesema wazi, mila iwe inasemaje, mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kukaa anakotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanamume aliyemchagua mwenyewe. Kisha akaharibu. Akasema kama tatizo ni ndoa, si waongee tu barazani bila kuoana, ila wasikae pamoja nyumba moja, maana sheria hiyo hiyo inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili na watu wakawajua kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vingine. Shangazi alimtazama kwa ile miwani, akamuuliza, "Sasa wewe unanipa nasaha ya kihuni kwa vifungu vya sheria?" Kaka wa Korogwe akaomba maji.

Nitoke nje ya kisa kidogo. Mimi nina miaka ishirini na kitu. Kila nikienda arusi naulizwa na mama wa watu, "Na wewe lini?" Nikikaa kimya inakuwa nina jini mahaba. Mama wale wale, siku ile ile, kwenye sahani ile ile ya pilau, nimewasikia wakisema kuhusu shangazi, "Ataolewa ya nini mtu mzima yule?" Kumbe kuna miaka unalazimishwa na kuna miaka unakatazwa, na kati yake sijui kuna miaka mingapi unayoachiwa mwenyewe. Shuleni tulisomeshwa Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, mama anayemuusia binti yake namna ya kumstahi mume. Mwalimu alitueleza kwamba mtunzi alikuwa mgonjwa. Alisahau kutueleza kwamba alikuwa pia mjane, mumewe Bwana Mataka wa Siyu ameshafariki. Sehemu kubwa ya utenzi ni ya mume wa binti. Ningelipa chochote kusoma beti ambazo angejiandikia mwenyewe, jioni yake ilikuwaje mle ndani, na kama aliwahi kucheka kile kicheko cha peremende.

Turudi. Usiku mmoja umeme ulikatika, tukakaa uani. Nikathubutu. "Shangazi, unampenda?" Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Nampenda. Hilo si swali gumu." Nikanyamaza maana sikuwa na swali jingine tayari.

Akaendelea mwenyewe. Alisema haogopi nyumba. Nyumba ni hesabu, na hesabu amefundisha. Anachoogopa ni kitu kingine. Mume wake wa kwanza alipooza upande mmoja miaka mitatu kabla hajafa. Alikuwa akimgeuza usiku mara mbili asipate vidonda, asubuhi anaoga haraka anakwenda kufundisha darasa la watoto themanini, mchana anatoroka kuja kumlisha. Hakulalamika, na hata sasa halalamiki. "Lakini mwili wangu unakumbuka," akasema. "Mgongo huu unakumbuka. Sasa nimepata miaka kumi na kitu ya kulala usiku kucha. Nikimwangalia yule mzee, ana sabini. Unadhani ananioa miaka mingapi kabla hajawa mgonjwa wangu?"

Nikamuuliza kama amemwambia hivyo.

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Mwalimu, atakayetangulia kuugua hatumjui. Mimi uji wa pilipili manga naupika vizuri.'"

Akacheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga. Giza lile sikuona vizuri kama yalikuwa machozi ya upande gani. Akasema wanawe wote watatu wanampenda, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua kupika uji ule. Umeme ukarudi, tukaona aibu wote wawili, nikaingia chumbani.

Sasa mambo yako hivi. Shangazi amemwita Mzee akamweleza masharti, mbele ya baba yangu. Akikubali kuolewa, kila mtu atabaki na nyumba yake. Mzee atakuja siku tatu kwa wiki, siku nyingine kila mmoja kwake, na baiskeli yake ataendelea kuendesha. Kitanda kitanunuliwa kingine, kikubwa, na nusu ya bei atatoa yeye. Habari ya robo ameiacha kama Mungu alivyoiweka. Hatatoa hiba, na wanawe wakitaka robo ile isitoke, wamwombee maisha marefu kuliko Mzee. Baba alikohoa hapo. Mzee alisema masharti ameyaelewa, akauliza kama siku hizo tatu zinaweza kuwa nne mwezi wa mvua, kwa sababu banda lake linavuja na kazi zinakuwa hakuna. Shangazi akasema hilo ataliangalia.

Jibu lenyewe bado. Ameomba muda mpaka baada ya Idi, na katika muda huo wanaongea. Ijumaa baada ya alasiri Mzee anakuja, anakaa barazani, mlango wazi, wapita njia wote wanaona. Mara nyingine wanabishana kuhusu Lucky Star. Mara nyingine hawasemi kitu, yeye anashona mfuko wa vifaa vyake na Shangazi anasoma. Wiki iliyopita majirani walipita mara nyingi kuliko kawaida, akawaambia, "Karibuni chai basi, mtachoka kutembea."

Kaka wa Dar hunipigia simu kila Ijumaa usiku, kwa sauti ya chini. "Vipi, huko kuna nini?" Namwambia ukweli: mama yuko barazani amevaa miwani, anasahihisha madaftari ya watoto wa jioni, na Mzee ameshakwenda zake toka magharibi, ndivyo alivyoambiwa.